Asilimia ya Nini? Hesabu ya Zaka na ya Dukani



Likizo ikifika wengi wetu tunageuka walimu wa nyumbani. Mdogo wako wa sekondari analeta daftari la hisabati, na mjomba mwenye duka naye anakuita umsaidie hesabu ya zaka kabla Ramadhani haijaisha. Wote wawili shida yao ni asilimia, na kosa lao huwa lile lile. Kuzidisha wanajua. Wasichojiuliza ni hiki: asilimia ya nini?

Tuanze na mjomba, maana hapo pana haki ya mafukara. Zaka ya fedha na bidhaa za biashara ni asilimia 2.5, yaani sehemu 1 katika 40. Kikokotoo cha nini? Gawa kwa 10, kisha kwa 4. Tuseme dukani mna bidhaa za kuuza zenye thamani ya shilingi 60,000,000 kwa bei ya leo, na taslimu 20,000,000. Mwaka wa Hijria umepita na mali imevuka nisabu. Jumla ni 80,000,000. Gawa kwa 40: zaka ni 2,000,000.

Lakini mjomba anasema, "Faida yangu mwaka huu ilikuwa 12,000,000 tu," anatoa 300,000 na moyo wake umetulia. Mafukara wamepunjwa 1,700,000, na hakuna aliyekusudia dhuluma. Wengine hutoa kwanza kiasi cha nisabu, kisha wakahesabu kilichobaki. Hilo nalo si sahihi: nisabu ni mlango, ukishaingia unahesabu mali yote. (Madeni anayodai na anayodaiwa, mpeleke kwa sheikh; hayo ni ya fiqhi, si ya kugawanya.)

Sasa daftari la mdogo wako. Hapa Uganda VAT ni asilimia 18. Risiti inaonyesha shilingi 118,000, kodi ikiwa ndani. Kodi ni kiasi gani? Atachukua asilimia 18 ya 118,000 apate 21,240. Mwulize: 18 ya nini? Kodi ilihesabiwa kwenye bei ya kabla ya kodi. Bei hiyo ni mafungu 100, kodi ni mafungu 18, kwa hiyo risiti nzima ni mafungu 118. Fungu moja ni 1,000. Kodi ni 18,000. Akipata risiti ya 59,000, fungu ni 500 na kodi ni 9,000.

Swali hilo hilo linafichua ujanja wa sikukuu. Kanzu ya 40,000 inapandishwa kwa asilimia 25, inakuwa 50,000. Siku tatu kabla ya Idi linabandikwa tangazo: punguzo la asilimia 20! Asilimia 20 ya 50,000 ni 10,000, na kanzu imerudi pale pale 40,000. Mnunuzi anashukuru kwa punguzo ambalo halipo. Asilimia 25 na asilimia 20 zimekuwa shilingi 10,000 zile zile, kwa sababu moja ni ya 40,000 na nyingine ni ya 50,000.

Mpe mdogo wako hili afanye peke yake: nauli ya basi imepanda kutoka 30,000 hadi 36,000, kisha baada ya sikukuu ikarudi 30,000. Imepanda kwa asilimia ngapi, na imeshuka kwa asilimia ngapi? Majibu: 20, na karibu 16.7.