Marekani: Kulipa fidia bila uzembe

Mfanyabiashara anayeuza bidhaa Marekani hana budi kuielewa sheria ya madhara, yaani ile ya kudai fidia hata pasipo mkataba. Kuna madhara ya kukusudia, kama kumpiga mtu au kumlaghai. Kuna ya uzembe, ambayo mdai huthibitisha kuwa mdaiwa alipaswa kuwa mwangalifu, hakuwa, na hasara ikatokana na hapo.

Aina ya tatu ndiyo inayotikisa mifuko. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya California iliamua kuwa mtengenezaji wa mashine ya useremala yenye kasoro, iliyorusha kipande cha mti na kumjeruhi mtumiaji, huwajibika hata uzembe wake usipothibitishwa. Mwaka uliofuata mzigo huo ukawafikia wauzaji wa rejareja. Huko California, kusema "sikuitengeneza mimi" hakumwokoi mwenye duka.

Wenye hisa nao huumia. Agosti 1982 kampuni ya Johns-Manville, ingawa biashara yake ilikuwa bado inaendelea, iliomba kinga ya muflisi kutokana na maelfu ya kesi za walioathiriwa na asbesto. Ilipotoka huko mwaka 1988, sehemu kubwa ya hisa zake ilikwenda kwenye mfuko wa kuwalipa waathirika. Wenye hisa wa zamani wakabaki na kidogo.