Nani Huulizwa Kuhusu Pombe? Jinsia, Umri na Kutafuta Tiba Mkoani Tabora

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Tabora, na pombe ya mtama iliyonywewa huko ilipikwa na wanawake. Misafara imekwisha, lakini bado husemwa kuwa mwanamke hupika na mwanamume hunywa. Kauli hiyo huingia hadi katika chumba cha daktari.

Mwanamume wa makamo akifika na tumbo lililojaa maji, huulizwa kuhusu pombe mara moja. Mama mpika pombe, ambaye huonja kila pipa kabla ya kuuza, hulalamikia kukosa usingizi na kiungulia, akarudi nyumbani na dawa ya tumbo. Hajasema, kwani aibu ya ulevi humlemea mwanamke zaidi, na pengine ada za shule za wanawe zimo ndani ya pipa hilo. Tena, kwa kiasi kilekile cha pombe, kileo huwa kingi zaidi katika damu yake, kwa kuwa mwili wa mwanamke una maji machache kuliko wa mwanamume.

Kimya cha wazee ni cha namna nyingine. Mzee aliyezoea wanzuki tangu ujana haoni ugonjwa katika kinywaji cha harusi na mavuno. Kuanguka na kusahau husingiziwa umri. Kijana aliyekulia enzi za viroba, vilivyopigwa marufuku mwaka 2017, analijua neno uraibu, ila anaogopa kukutana na shangazi yake kwenye foleni ya zahanati.

Hatari kubwa zaidi hutokea wodini. Tuseme mama wa miaka 50, mnywaji wa kila siku, amelazwa kwa nimonia bila kuulizwa. Kulazwa kwenyewe kumemwachisha pombe ghafla. Ndani ya saa 6 hadi 48 anaweza kutetemeka na kupata degedege. Siku ya tatu akaweweseka, na jamaa wakadhani malaria imempanda kichwani. Hali hiyo huua, ingawa hutibika kwa diazepamu na thayamini, yaani vitamini B1, itolewayo kabla ya maji ya glukosi.

Dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani lina maswali 10 tu. Alama 8 au zaidi huashiria unywaji wenye madhara. Laweza kutumika kliniki ya wajawazito, ya shinikizo la damu na ya kifua kikuu, mgonjwa akiwa peke yake, bila mume wala mkwe. Kwa mpika pombe, yafaa kuanza na swali la kuonja: leo ameonja vikombe vingapi?

Naye mgonjwa anayekunywa kila siku asiache ghafla akiwa nyumbani. Aanzie zahanati, akataje kiasi halisi anachokunywa.