Mkojo na ngiri: mzee asitibiwe kimoja akaficha kingine

Mabasi ya Mbeya kwenda Iringa hayasimami sana kwa ajili ya kuchimba dawa, na mzee anayekojoa kila baada ya saa moja hulijua hilo kabla ya kukata tiketi. Wapo wanaosusa hata chai ya asubuhi. Wapo wanaobana hadi Makambako, wakishuka mkojo hautoki. Kubana kwa muda mrefu kunaweza kuziba kabisa mkojo wa mwenye tezi dume iliyotanuka. Kwa hiyo mzee wangu, keti karibu na mlango, mwambie kondakta mapema, na shuka kila gari linaposimama, haja iwepo isiwepo.

Tezi dume huzunguka mrija wa mkojo chini ya kibofu. Uzee ukiingia, hukua na kuubana mrija huo; karibu nusu ya wanaume wa miaka 60 tezi yao imeshakua. Mkojo unachelewa kuanza, unatoka kwa unyonge, unakatika na kurudi, na usiku unaamka mara tatu au nne. Kukua huku si saratani. Lakini saratani ya tezi dume inaweza kukaa kimya, kwa hiyo vipimo havikwepeki.

Ngiri ya kinena inaingia hapa: anayejikamua ili akojoe anausukuma utumbo kwenye sehemu dhaifu ya kinena, sawa na anayenyanyua lumbesa ya viazi, anayekohoa miaka yote au anayepata choo kigumu. Mzee akishonwa ngiri huku bado anajikamua, mshono uko mashakani. Tena baada ya upasuaji, hasa wa sindano ya mgongo, mwenye tezi kubwa huweza kushindwa kukojoa. Daktari akijua mapema, atapanga tezi itulizwe kwanza, au vyote vishughulikiwe kwa mpangilio. Asipoambiwa, atalijua tatizo wodini.

Jichunguze hivi. Simama, kohoa, weka kiganja kwenye kinena. Uvimbe ukitokeza na ukirudi ulalapo chali, huenda ni ngiri. Kuna dalili nyingine ambayo wazee huionea aibu: unakojoa, unamaliza, kisha ukibonyeza uvimbe kinenani mkojo mwingine unatoka. Hapo sehemu ya kibofu yenyewe inaweza kuwa imeingia kwenye ngiri. Itaje, maana mpasuaji asiyejua anaweza kukijeruhi kibofu.

Kabla ya kwenda hospitali, andika kwa siku tatu. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, ikate mdomo, ichore mistari, kojolea humo. Andika saa, kiasi na ulichokunywa. Daktari hupima ukali wa dalili kwa maswali saba yenye jumla ya alama 35. Kuanzia 8 dalili ni za wastani, kuanzia 20 ni kali. Daftari lako litamsaidia kuliko kusema tu "nakojoakojoa".

Baridi ya Juni na Julai huongeza mkojo, kwa hiyo koti zito na soksi za kulalia zina kazi. Hatari kubwa ya msimu huo ni dawa ya mafua ya dukani: Piriton, na zile za kuzibua pua, zinaweza kuufunga mkojo wa mwenye tezi kubwa. Mwambie muuza dawa una tezi dume. Kunywa maji mchana, punguza saa mbili au tatu kabla ya kulala. Ulanzi na kimpumu vya jioni vina gharama yake usiku, nawe unaijua. Ukimaliza kukojoa, subiri kidogo ujaribu tena. Kula mboga za majani, maharage na matunda ili choo kiwe laini.

Kuhusu chupa za "dawa ya ngiri na tezi dume" zinazouzwa stendi, sioni sababu ya kuzungusha maneno: hakuna mzizi unaoziba tundu la kinena.

Katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au ya Mkoa wa Iringa, uliza kwanza siku ya kliniki inayofaa. Tarajia kipimo cha mkojo, kipimo cha damu cha tezi dume (PSA), ultrasaundi kabla na baada ya kukojoa, na kidole cha daktari kupitia njia ya haja kubwa kwa dakika moja. Dawa kama tamsulosini hulegeza njia ndani ya siku chache. Finasteraidi hupunguza tezi, ila huhitaji miezi. Mwenye miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo aulize kuhusu msamaha wa gharama. Na kama baba anakukwepa wewe mwanawe, mtume mjukuu: utani wao unaruhusu maswali ambayo wewe huwezi kuuliza.

Mambo mawili hayasubiri kesho. La kwanza, kibofu kimejaa, kinauma, mkojo hautoki: aende akawekewe mpira leo. La pili, ngiri imekuwa ngumu, inauma, hairudi, anatapika, hatoi choo wala hewa. Msimpe chakula, msiisukume kwa nguvu, na hata iwe usiku wa manane, tafuteni gari.