Dondoo muhimu: Kuutambua mpungate

Anza na utomvu. Mmea wa miiba ukikwaruzwa ukatoa maziwa meupe, huo kwa kawaida ni wa jamii ya mnyaa, na maziwa hayo ni hatari kwa macho. Mpungate hutoa ute usio na rangi.

Yale yanayodhaniwa kuwa majani mapana ni mashina yaliyobapa. Majani halisi ni vichongo vidogo kwenye bapa changa, nayo hupukutika mapema.

Sasa tazama madoa yaliyotapakaa juu ya bapa. Humo huchipuka miiba, maua na mabapa mapya. Humo pia mna vishungi vya vinyweleo vyenye kulabu, na hivi ndivyo vya kuogopa kuliko miiba mirefu: havionekani vizuri, huchomoka kwa kuguswa tu, kisha hunasa kwenye ngozi. Tumia koleo kushika bapa. Vikikunasa, vibandue kwa utepe wa gundi, usijifikiche.

Kule Laikipia, Kenya, unaowakera wafugaji ni hasa Opuntia stricta: kichaka kifupi, kwa kawaida chini ya mita 2, chenye tunda la zambarau nje na ndani. Opuntia ficus-indica, unaopandwa kwa matunda, huwa kama mti, hufika mita 5, na mara nyingi hauna miiba mirefu. Tunda lake huwa la njano, la chungwa au jekundu. Usitegemee ua, yote miwili huweza kuchanua njano.

Ukifyeka, usiache mabapa chini. Hata kipande huota mizizi.