KIRUSI SI SELI: KWA NINI ARV HAZINA DOZI YA KUMALIZA



Katika semina ya kamati za sharika hapa Lamadi, mzee mmoja wa kanisa alituuliza swali tuliloshindwa kulijibu kwa sentensi moja. "Dawa ya mseto ya malaria tunameza siku tatu, tunamaliza. Mbona ARV ni maisha yote? Au dawa zenyewe ni dhaifu?" Wengi walitikisa kichwa kukubaliana naye. Mji wetu uko kwenye barabara kuu ya Mwanza–Musoma na kando ya ziwa. Wavuvi huhama mwalo hadi mwalo kufuata samaki, na mtu akiishiwa dawa huko ugenini, si rahisi kumwambia mwenzake. Kwa hiyo tunalirudia swali lile hapa, ingawa itabidi tupitie kidogo somo la baiolojia.

Seli ni kama kaya inayojitegemea. Ina utando unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Ina kiini kinachotunza vinasaba, yaani maelekezo ya kazi zote. Ina sehemu za kupata nguvu kutokana na chakula, na karakana ndogo nyingi za kutengeneza protini. Kimelea cha malaria ni seli. Bakteria wa kipindupindu naye ni seli moja, ingawa hana kiini. Anakula na kujigawa mwenyewe. Kaya ya namna hiyo ina mahali pa kupigwa. Penisilini, kwa mfano, huzuia bakteria kujenga ukuta wake, na antibayotiki nyingine huziba karakana zake.

Kirusi hakina kaya. Ni maelekezo tu yaliyofungwa katika ganda la protini. Kirusi cha UKIMWI kina pia bahasha ya mafuta juu ya ganda, ambayo hujivika kutoka kwenye utando wa seli ya mtu kinapotoka humo. Ndani mna nyuzi mbili za maelekezo na vimeng'enya vichache, basi. Hakili, hakipumui, hakikui. Chembe nyeupe ya damu ikikuzwa ilingane na chumba cha darasa, kirusi hicho kingekuwa kama chungwa kubwa. Ndiyo maana kununua kapsuli za antibayotiki kwa ajili ya mafua ni kupoteza fedha: hakuna ukuta wa kubomoa wala karakana ya kuziba. (Septrin inayotolewa kliniki kwa baadhi ya wanaoishi na VVU ni ya kuwakinga na magonjwa mengine, si ya kupambana na kirusi chenyewe.)

Sasa tufike kwenye swali la mzee. VVU huingia katika chembe nyeupe zinazoongoza ulinzi wa mwili, hunakili maelekezo yao kwa mtindo wa vinasaba vyetu, kisha huyapachika ndani ya kiini. Kuanzia hapo kaya ya mtu hufanya kazi ya mgeni. ARV huzuia hatua hizo: nyingine huzuia kunakili, nyingine kupachika. Zinafanya kazi vizuri sana, kiasi kwamba anayezimeza kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Lakini baadhi ya seli zilizokwisha kupachikwa hulala kimya kwa miaka. Seli iliyolala hainakili chochote, hivyo dawa haina cha kuzuia humo. Mtu akiacha kumeza, baadhi huamka, na kwa kawaida virusi hurudi kwenye damu ndani ya wiki chache. Tena kirusi hukosea sana kinaponakili. Dawa ikimezwa kwa kurukaruka, makosa mengine huzaa virusi visivyoisikia dawa hiyo.

Dawa hizi zilianza kutolewa bure katika mpango wa Taifa mwaka 2004, miaka 21 baada ya wagonjwa wa kwanza nchini kutambuliwa Kagera mwaka 1983. Wajumbe wa kamati mnaofahamiana na wavuvi, waambieni hivi: anayehama mwalo aage kliniki kabla ya kuondoka, aseme anakokwenda na kwa muda gani, ili apewe dawa za kutosha au aandikiwe barua ya kuzichukua huko.