Mwindaji Asiye na Mtazamaji

Wasomaji wetu, kila mwenye kazi anaye mwangalizi wake. Karani hufunga daftari lake jioni akijua ya kuwa kesho mkubwa wake atalikagua. Mwalimu hutazamwa na macho ya wanafunzi wake wote. Jumbe akikata shauri barazani, wazee wapo, nao wasiporidhika watasema. Lakini iko kazi moja ambayo mtu huifanya mbali na watu, pasipo shahidi ila miti na upepo. Kazi hiyo ni kuwinda porini. Leo twapenda kuwaeleza habari za mtu mmoja wa Marekani aliyeipenda kazi hiyo tangu utoto wake, na jinsi alivyojifunza, tena kwa majuto, namna ya kuwinda iliyo haki.

1. Mnyama Mwenyewe

Mnyama wa habari hii ni ayala. Katika nchi zetu hayuko, na wengi wetu tumelisoma jina lake vitabuni tu. Wako wanaomwita kulungu, lakini hao wawili si jamaa moja. Kulungu wetu akiisha kuota pembe hukaa nazo maisha yake yote. Dume la ayala huziangusha pembe zake kila mwaka, kisha huota nyingine mpya zenye matawi kama mti, nazo hufunikwa na ngozi laini yenye manyoya mpaka zitakapokomaa.

Katika milima ya magharibi ya Marekani yuko ayala mwenye masikio makubwa mfano wa masikio ya baghala. Akishtuka huruka juu kwa miguu yote minne pamoja, kama mpira udundao, akapanda mteremko mkali upesi sana. Tena hunusa harufu ya mtu kutoka mbali. Basi amwindaye sharti aende upepo ukimpiga usoni. Upepo ukigeuka, kazi ya asubuhi nzima imepotea.

Zamani ayala walikuwa wengi mno Marekani. Lakini katika karne ya 19 watu waliwaua kwa biashara ya nyama na ngozi, bila kipimo, hata ilipofika mwaka 1900 ayala wenye mkia mweupe, walio wengi kuliko aina nyingine, hukadiriwa kuwa hawakuzidi 500,000 katika nchi nzima. Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kukataza kuchukua nyama ya mwitu iliyopatikana kwa uharamu kutoka jimbo moja hata jingine. Mwaka 1937 ikatungwa nyingine, kwamba kodi ya bunduki na risasi itumike kuwatunza wanyama. Sheria hizo zilifaa sana. Walakini sheria hufika mahali ambapo askari wake hufika. Mbele ya hapo mwindaji yu peke yake.

2. Agizo la Baba

Mtu tunayemtaja aliitwa Aldo Leopold. Alizaliwa mwaka 1887 katika mji wa Burlington, jimbo la Iowa, kando ya mto Mississippi. Baba yake alikuwa mwindaji, naye aliacha kuwapiga mabata katika majira ya kuchipua kwa majani, wakati waendapo kutaga mayai, ingawa sheria ya siku zile haikumkataza mtu kufanya hivyo. Alijikataza mwenyewe.

Alipomruhusu mwanawe kuchukua bunduki, alimpa na sharti: asimpige ndege wa jamii ya kwale akiwa ametua mtini, ila arukaye tu. Mtoto alikuwa na mbwa hodari wa kuwakimbiza ndege hao mpaka mtini. Ndege alikaa pale juu, rahisi kama embe bivu. Kumpiga ni jambo la mara moja. Kumngoja aruke ni karibu sawa na kumkosa. Hata hivyo mtoto alilishika agizo, na alipokuwa mtu mzima aliandika kwamba hapo ndipo alipoanza kujifunza adili ya uwindaji.

3. Desturi za Mwindaji wa Haki

Alipokuwa mtu mzima Leopold alijitengenezea pinde kwa mikono yake, na katika miaka ya mwisho ya 1920 alikwenda kuwinda ayala kwa upinde katika milima ya Gila, jimbo la New Mexico. Mwenye bunduki aweza kumpiga mnyama aliye ng'ambo ya bonde; mwenye upinde sharti anyemelee mpaka karibu kabisa, na mara nyingi hurudi mikono mitupu. Mtu apendaye nyama tu hawezi kufahamu sababu ya taabu hiyo. Lakini mwindaji wa kweli hapendi mauti ya mnyama. Hupenda kumjua, na kustahili kumpata.

Wawindaji wa namna hii wanazo desturi zao, na hizi ndizo zilizo kubwa.

Kwanza, asipige ila ana hakika. Mahali pa kulenga ni nyuma ya bega, palipo na moyo na mapafu, ili mnyama afe upesi. Ayala akiwa mbali mno, au akikimbia, au akiwa amefichwa na vichaka, mwindaji huishusha silaha yake. Huo si woga, ni huruma.

Pili, aliyemjeruhi mnyama amefanya deni. Hapasi kumkimbilia mara moja, kwa maana mnyama akifukuzwa hupata nguvu mpya akaenda mbali. Hungoja kwa utulivu, yapata nusu saa au zaidi, kisha huifuata damu pole pole. Damu yenye povu yaonyesha kuwa mapafu yamepigwa, na mnyama hayuko mbali. Damu nyeusi kidogo kidogo yaonyesha kazi ndefu. Ikiwa ndefu, na iwe ndefu: hurudi kesho na taa yake na maji yake, wala hatafuti mnyama mwingine mpaka deni la kwanza limelipwa.

Tatu, nyama isipotee. Porini hakuna gari. Mnyama huchunwa mara moja ili nyama ipoe, huning'inizwa kivulini, kisha huchukuliwa mgongoni kwa safari nyingi. Asiyeweza kuubeba mzigo asiue. Mahali pengi Marekani sheria nayo humwadhibu aachaye nyama nzuri ioze akachukua pembe tu.

4. Kosa la Mtu Mwema

Mpaka hapa mtu aweza kudhani kuwa Leopold hakukosa kamwe. Sivyo, na hapa ndipo penye fundisho kubwa.

Mwaka 1909 alitumwa katika jimbo la Arizona, afisa kijana wa Idara ya Misitu. Siku moja yeye na wenziwe walikuwa wakila chakula juu ya jabali, wakaona mnyama akivuka mto bondeni. Walidhani ni ayala jike. Kumbe ni mbwa-mwitu wa Marekani, mkubwa kuliko mbwa-mwitu wa kwetu, na watoto wake waliokua wakamlaki kwa furaha. Siku zile hapakuwa na mtu aliyefikiri kumwacha mbwa-mwitu. Wakapiga risasi ovyo mpaka bunduki zikawa tupu. Leopold akashuka, akamfikia yule mama akingali hai, akauona mng'ao wa kijani machoni pake ukififia na kuzimika.

Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1949 alikiri mawazo aliyokuwa nayo wakati ule: mbwa-mwitu wakipungua, ayala watazidi, mbwa-mwitu wakiisha, itakuwa raha ya wawindaji. Hesabu hiyo ilionekana sahihi. Lakini mlima haukuikubali. Mbwa-mwitu walipoangamizwa, ayala walizidi mno, wakala vichaka na miche mpaka pakawa utupu, kisha wakafa kwa njaa wakati wa baridi.

5. Pori la Gila

Leopold alikuwa ameiomba Idara ya Misitu itenge sehemu ya milima ya Gila, isiwe na barabara wala nyumba, mtu aingie kwa miguu au kwa farasi tu. Jambo hilo lilikubaliwa mwaka 1924, na Gila ikawa pori la kwanza katika Marekani kutengwa hivyo. Lakini huko nako mbwa-mwitu walikuwa wamekwisha kuuawa. Ayala wakajaa. Yapata mwaka 1930 ikafunguliwa tena njia ya zamani katikati ya pori, ili wawindaji wafike kwa motokaa kuwapunguza. Tazameni: kosa la kutaka ayala wengi liliwaleta ayala wengi, na ayala wengi wakaileta barabara, na barabara ikalikata pori ambalo mtu yule yule alikuwa amelitetea. Wahenga walisema kweli: tamaa mbele, mauti nyuma.

Leopold alifariki mwaka 1948, akisaidia kuzima moto katika shamba la jirani. Mwaka 1964 ikatungwa sheria ya mapori ya Marekani, ikakataza motokaa katika mapori yaliyotengwa. Mwaka 1980 nchi iliyo upande wa mashariki wa njia ile ikatengwa nayo, ikapewa jina lake. Na mwaka 1998 mbwa-mwitu wakaanza kurudishwa katika milima ya Arizona, wakaenea hata Gila. Leo mtu aendaye kuwinda ayala huko huomba ruhusa, na majina huchaguliwa kwa kura. Akipata, hutembea katika nchi ambamo yeye si mwindaji pekee.

Basi, wasomaji wetu, adili ya uwindaji si kulenga vizuri tu, wala kushika sheria tu. Ni kujiwekea mpaka mahali ambapo hakuna wa kukuona ukiuvuka. Tena ni kukubali, mbele ya watu wote, kwamba jana uliuweka mpaka mahali pasipo pake. Jambo la kwanza Leopold alilipata kwa baba yake. La pili alilipata machoni pa mnyama aliyemwua.

Maswali kwa Wanafunzi

1. Kwa nini ni vigumu zaidi kuwinda kwa upinde kuliko kwa bunduki, na kwa nini wengine hupenda ugumu huo?

2. Mwindaji amejeruhi mnyama na jua linakuchwa. Imempasa kufanya nini?

3. Katika kijiji chenu, ni mpaka gani ambao wazee walijiwekea wenyewe kabla ya sheria kuandikwa?