SOMO LA BUSTANI: TUSIUE WASAIDIZI WETU

Kila Jumamosi tunatoa viwavi kwenye mashu kwa mkono. Kisha kazi, wengine wanachukua mipira yao na kupiga ndege kwa mawe. Sisi wa darasa la mwisho nasi tulifanya vile zamani. Tuseme kweli: tulikuwa tunapiga wafanyakazi wenzetu.

Tazameni ile ndege ndogo nyeusi na nyeupe, yenye kutikisa mkia karibu na nyumba. Chakula yake ni wadudu. Shomoro iko mwizi wa mbegu, ni kweli. Lakini makinda yake anayalisha wadudu.

Nchi ya China ilijifunza kwa hasara. Mwaka 1958 serikali iliamuru shomoro wauawe. Watu walipiga ngoma na sufuria ili ndege wasipate kutua, wakaanguka kwa kuchoka. Halafu wadudu wakazidi mashambani. Mwaka 1960 shomoro akatolewa katika hesabu ya maadui, kunguni akawekwa pahali pake.

Basi tufanye namna gani?
1. Tuache miti kando ya bustani, wapate pa kujenga.
2. Tusivunje viota.
3. Tuweke maji katika sahani pana.
4. Mbegu mpya tuzifunike kwa matawi mpaka ziote.

Ndege hawatamaliza viwavi wote. Mikono yetu ingali na kazi. Lakini Mungu anayemwangalia shomoro (Mathayo 10:29) ametupa wasaidizi bila mshahara. Kila mwenye mpira aulete kwetu mbele ya Jumamosi. Hatutaandika jina.